Folda Iliyoandikwa USIGUSE

Siku ya mnada Karatu, katikati ya mbuzi, marundo ya viazi na watu wanaogombania bei, gari la watalii lilirudi kinyumenyume likapanda juu ya turubai la mapazia ya mtumba. Tairi la nyuma likaacha alama ya udongo mwekundu kwenye pazia jeupe, tena lile zuri kuliko yote.

"Wee! Huna macho, au umeyakodisha kwa wazungu?"

Aliyefoka hivyo ni Zulfa, binti wa Mzee Abdulwahabu mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Alivaa dera la kijani na mtandio wa njano, mikono kiunoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Dereva akashuka. Jina lake Talha, shati la kaki limenyooka, miwani ya jua akaivua haraka kwa aibu.

"Samahani, dada. Nitalifua mwenyewe."

"Ulifue wewe? Unajua kufua pazia?"

"Nipe uone."

Akampa, kwa hasira tu. Jumapili pazia likarudi jeupe pee, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kuliko anavyokunja muuzaji mwenyewe. Zulfa alitafuta la kusema akalikosa kwa sekunde mbili hivi, kisha akasema pasi ilikuwa ya moto mno. Mjini pale hakuna aliyewahi kumwona Zulfa amenyamaza. Talha akacheka, akaomba namba ya simu, akapewa.

Wakapendana mwaka mzima. Haya, sasa tuje kwenye balaa lenyewe.

Nyumbani kwa kina Talha kuna kompyuta moja, imekaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na ni ya kila mtu. Mama yake, Bi Mwanamisi, huangalizia picha za harusi. Dada yake Nafisa, mwalimu, huchapia mitihani. Humo kila mtu hufungua vya mwenzake bila hodi. Kuna siku Talha aliandika humo maneno ya mapenzi ya kumtumia Zulfa. Mama akayakuta, akayasoma kwa sauti mbele ya wanawake waliokuja kuchambua maharage. Wiki nzima kila akipita mtaani anaitwa "asali wa moyo".

Kwa hiyo alipoandika barua ya posa, akaiweka kwenye folda, akaifunga kwa paswedi. Mpaka hapo alikuwa na akili. Lakini sijui shetani gani alimpitia, folda yenyewe akaipa jina USIGUSE. Jamani! Angeiita "Risiti za dizeli" nani angejisumbua nayo? USIGUSE ikaguswa siku hiyohiyo aliyoondoka na wageni.

Nafisa alijaribu tarehe za kuzaliwa za ukoo mzima. Ikakataa. Bi Mwanamisi akaweka miwani, akajaribu jina la marehemu paka wao. Ikakataa. Nafisa akampigia Zulfa.

"Wifi, usiseme nimekwambia. Kaka ana folda kaifunga. Mama anasema mwanaume hafungi kitu kama hakuna mwanamke ndani."

Dakika haikupita, simu ya Talha ikaita. Alikuwa Ngorongoro, kaegesha juu ya ukingo wa bonde, wageni wake wanapiga picha.

"Mpenzi, nilikuwa nakuwaza..."

"Kwenye folda kuna nini?"

"Folda gani?"

"Talha, usinitanie. Ile ya Usiguse."

"Aah. Mambo ya binafsi tu, mama."

"Ya binafsi! Mwaka mzima nakupikia, nakuombea dua barabarani, kumbe mimi ni mtu baki?"

Angesema tu! Lakini baba yake mdogo, Seif, ambaye ndiye mshenga, alikuwa amemwapisha: binti hasikii habari za posa kwa mchumba, anazisikia kwa baba yake. Na Talha akiapa ameapa.

"Nivumilie kidogo, mpenzi. Utajua."

"Nishajua," Zulfa akasema, akakata. Akalia jikoni mpaka vitunguu vikaisha.

Na wakati wenyewe haukuwepo. Kulikuwa na familia moja ya Babati, wafanyabiashara wa nafaka, walioleta barua yao kumtaka Zulfa. Mzee Abdulwahabu aliahidi kuwajibu Ijumaa baada ya sala. Talha alijua. Alipanga kurudi Jumatano, achape barua, Seif aipeleke. Wageni wakang'ang'ania siku moja zaidi ya kutafuta faru. Kisha wakataka kufika Soitsambu. Huko springi ikakatika. Ijumaa asubuhi bado yuko chini ya gari, na Zulfa, kwa hasira, ameshamwambia mama yake, "Waambieni hao wa Babati waje."

Asubuhi hiyohiyo Zulfa alifika kwa kina Talha na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na mtandio, saa ya mkononi na chupa ya manukato, zawadi zote za Talha. Sebuleni alimkuta Seif, amevaa kanzu na kofia, ameshika bahasha tupu, amenuna. Simu ya Nafisa ikaita.

"Nafisa, baba mdogo yupo?"

"Yupo, anakusubiri toka alfajiri. Na Zulfa yupo. Kaleta vitu vyako kwenye ndoo."

Upepo wa Soitsambu ukavuma kwenye simu.

"Weka sauti kubwa. Zulfa, kaa kwenye kompyuta."

"Sikai."

"Kaa, nakuomba. Ukishafungua, ukitaka nenda Babati."

Seif akasimama. "Talha! Uliapa!"

"Niliapa sitasema, baba mdogo. Sisemi. Atasoma mwenyewe."

Zulfa akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Haya. Paswedi?"

"Ni maneno yako. Siku ya mnada uliniuliza kama sina macho, au..."

"Au umeyakodisha kwa wazungu," Zulfa akamalizia, sauti imepungua.

"Anzia hapo kwenye kukodisha. Herufi ndogo, usiache nafasi."

Akaandika kwa kidole kimoja. "Imekataa! Muongo wewe!"

"Umeacha nafasi."

"Sijaacha!"

"Umeacha, nakujua."

Ni kweli alikuwa ameacha. Akarudia: *umeyakodishakwawazungu*. Folda ikafunguka. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na barua moja tu, kwa Mzee Abdulwahabu, kumwombea kijana Talha ridhaa ya kumuoa binti yake Zulfa.

"Mwendawazimu wewe," Zulfa akasema.

"Unalia?"

"Nimekasirika! Tarehe ni ya wiki tatu nyuma! Umekaa nayo wiki tatu, Babati wananikimbilia?"

"Nilikuwa natafuta maneno mazuri."

"Maneno gani? Umeandika 'heshima' mara saba!"

Akafuta heshima nne, akaweka tarehe ya leo, akachapa. Seif akafunika uso kwa kofia. "Astaghfirullah! Binti anachapa posa yake mwenyewe!" Lakini bahasha aliifungua.

"Na ndoo yako?" Nafisa akauliza.

"Iache hapohapo," Zulfa akasema, akakimbia kwao kupitia uani.

Baada ya sala Mzee Abdulwahabu akamwita sebuleni. Barua mbili zilikuwa juu ya meza. Ile ya pili aliisoma yote kwa sauti, polepole, kisha akavua miwani.

"Imeandikwa kwa adabu," akasema. "Haina maneno mengi. Mama yako ananiambia umeshakubali Babati. Lakini mimi sijakusikia, na bado sijawajibu. Nakuuliza mbele yake. Huyu Talha, tumkubalie?"

Kwa desturi yao, binti akiulizwa hivyo, asiyetaka husema. Anayetaka hunyamaza.

Zulfa alikuwa na mengi kooni. Wiki tatu. USIGUSE. Mwanaume mzima anayejua kupiga pasi lakini hajui kuipa folda jina. Alikuwa na hasira za kumtosha mpaka harusi ipite. Akainamisha kichwa, akauma pembe ya mtandio, akanyamaza.

Mama yake akaacha kujipepea. Mzee akangoja, akangoja tena, maana nyumba hiyo haijawahi kuwa kimya namna hiyo.

"Basi," akasema, "nimekusikia."