Mfano wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

"Umeniibia kijitabu changu," nilimwambia mchumba wangu, tumesimama kando ya kabati la chaki.

"Punguza sauti. Tukioana, chako si changu?"

Wote wawili tunafundisha Kiingereza shule moja. Miaka minne nimekiandika kijitabu kile cha virai na vishazi, na mifano yote nimeitoa kwenye mambo yaliyonipata mwenyewe, maana mwanafunzi akicheka hasahau. Mchumba wangu, ambaye walimu wanamwita Msomi, alikiomba akipitie. Kumbe alibadilisha jina la jaladani tu, akampelekea mwalimu mkuu ili apewe ukuu wa idara, cheo nilichokuwa nakisotea mimi. Hata kukisoma hakukisoma, mvivu yule.

Kengele ya mapumziko ikalia. Mwalimu mkuu, mama asiyecheka ovyo, akaingia ofisi ya walimu na kijitabu mkononi. Alimmwagia Msomi sifa. Kisha akasema ana maswali mawili, akawa anatafsiri mifano kwa Kiswahili ili hata mwalimu wa hesabu aelewe.

"Ukurasa wa nane, kwenye virai: 'kwenye gauni langu la njano'. Gauni la nani?"

"Ni mfano tu, mkuu."

"Na wa kumi na mbili, kwenye vishazi: 'mwanaume niliyemkubali Jumapili'. Mwalimu, ulimkubali mwanaume gani?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Jumapili ile ndiyo aliyonivisha pete, na mfano ule niliuandika usiku uleule kwa furaha. Nilimchukia pale pale, kwa moyo wote niliompendea.

Mwalimu mkuu akageuza macho polepole mpaka kwenye kidole changu.

"Kijitabu hiki ni cha nani?"

Kabla sijajibu, simu yangu ikatetemeka. Msomi alikuwa ameniandikia kutoka meza ya pili. Nikausoma ujumbe wake kwa sauti, neno kwa neno:

"Niokoe mpenzi. Sema tumeandika wote. Nakupenda."

Hakuna aliyecheka tena. Nikavua pete, nikaiweka juu ya meza yake, kando ya kikombe chake cha chai.

"Ni changu, mkuu. Rasimu zote zimo kabatini, kwa mwandiko wangu."

Mwalimu mkuu alinikabidhi kijitabu nikasahihishe jalada. Nilianza na ukurasa wa kumi na mbili. Nikaukata mfano ule kwa wino mwekundu, na juu yake nikaandika mwingine: mwanaume niliyemkataa Jumatano.