Sehemu ya Pili Haikuwa Mama Yangu

Nina miaka ishirini na tisa. Naishi Goma, mtaa wa Majengo, katika nyumba ya mbao ambayo mama yangu aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Naishi humo peke yangu sasa... Wasomaji wenzangu, sitaki mnihurumie. Nataka tu mnisikilize mpaka mwisho, kisha mseme wenyewe kama nastahili kuitwa mtoto wake.

Jina langu ni Masika, mtoto wa kwanza wa Mama Kahindo. Baba alikufa tukiwa wadogo, kijijini upande wa Beni, na vita vilipozidi mama alitutoa kule kwa miguu, mdogo wangu mgongoni, mimi nikishika kitenge chake. Mdogo wangu hakufika Goma. Mama alimzika kando ya barabara na kuendelea, kwa sababu nilikuwa bado nimeshika kitenge.

Hapa Goma alianza kwa kuuza maharagi ya kuchemsha. Miaka ikapita, akafungua malewa, kile kibanda cha chakula ambacho kila mtaa wetu unacho. Meza tatu, mabenchi manne, na sufuria ambazo hazikupoa. Fufu, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, siku walipopatikana. Madereva wa pikipiki, walimu, akina mama wa soko, wote walikula kwa Mama Kahindo.

Lazima niwaeleze jambo moja kwa wale wasiokaa kwetu. Huku watu wanaogopa sana sumu. Chupa ya bia hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza kabla ya kumpa mwenzake. Watu husema mtu mbaya huficha sumu chini ya ukucha na kuitumbukiza kwenye kikombe unapogeuka tu. Katika malewa ya mama hakuna mtu aliyewahi kumwomba aonje. Miaka yote ile, hata mmoja! Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na alijua hivyo.

Nilipofika miaka ishirini na tano nikakutana na Kambale. Alikuwa na kamera moja na maneno mengi. Alikuwa akipiga filamu za harusi, lakini ndoto yake ilikuwa kutengeneza filamu za kweli, za watu wa hapa, kwa Kiswahili cha hapa. Alikuja kula kwetu, akamsikia mama akisimulia safari yake huku akichambua maharagi, akaacha kula.

Ndivyo filamu ya kwanza ilivyozaliwa. Mama alikubali kwa sharti moja tu, kwamba kusiongezwe uongo. Jina lake halikubadilishwa, Mama Kahindo katika maisha na Mama Kahindo katika filamu. Mimi ndiye niliyeigiza nafasi yake. Tulipopiga ile sehemu ya kumzika mtoto, kule Munigi juu ya mawe meusi ya volkano, nililia mpaka Kambale akashindwa kushika kamera.

Filamu ilipendwa. Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, kwenye vibanda vya video, kwenye simu za watu. Wanawake nisiowajua walikuja malewa wakamkumbatia mama. Yeye aliona haya, akawapakulia sombe.

Kambale akaniambia tutaoana. Alikuja na wajomba zake, wakakaa kwenye mabenchi yale yale, wakazungumza mahari na mjomba wangu. Mama alifurahi. Mimi je? Nilikuwa kama mtu aliyelewa.

Baadaye watu walianza kuuliza: sehemu ya pili lini?

Nacheka kwa uchungu nikikumbuka. Maana sisi watoto wa vibanda vya video tunajua vizuri habari za sehemu ya pili. Nikiwa msichana nilikwenda kutazama filamu ya mwizi wa ng'ombe. Wiki iliyofuata wakabandika nje kwamba mwendelezo umefika. Tukaingia mbio. Hakukuwa na mwizi, hakukuwa na ng'ombe. Ilikuwa habari ya mchungaji wa kanisa na shemeji yake, mwanzo mpaka mwisho. Tulicheka sana, tukarudi tena wiki nyingine kutazama sehemu ya tatu, ambayo ilikuwa ya mabondia. Hakuna aliyekasirika. Ni filamu tu, tulisema.

Ndiyo sababu sikushtuka Kambale aliponiambia sehemu ya pili imeshaandikwa, na kwamba Mama Kahindo sasa ni tajiri anakaa Himbi, karibu na ziwa. Nilimwambia mama yangu hajawahi kukaa Himbi. Akanishika shavu.

"Chérie, filme ya pili inabebaka tu jina ya ile ya kwanza," alisema. "Bantu banazoea." Kweli, watu tulikuwa tumezoea.

Nilimuuliza nani ataigiza. Akasema msichana mmoja anayeitwa Solange, kwa sababu mimi nina sura ya mtu wa shida na sasa anahitaji sura ya mtu wa mali. Iliniuma... Nilimuuliza hadithi inahusu nini. Akasema nitaiona pamoja na wengine, ni zawadi yangu. Na mimi, ambaye mama alinipa maisha yake yote niyaigize, sikuuliza tena.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Siku ya kuonyesha filamu, jumapili mchana baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakasimama, padri mwenyewe akiwemo. Kambale aliniomba nipande mbele niseme neno. Alisema watu wanaijua sura yangu, wakisikia kutoka kwangu wataamini. Nilikuwa nimeshona libaya mpya, blauzi ya kitenge. Mama alikaa safu ya kwanza, naye amevaa kitenge ambacho alikuwa anakitunza kwa ajili ya harusi yangu.

Nikashika kipaza sauti, nikasema kwa kinywa changu mwenyewe: huu ni mwendelezo wa maisha ya mama yangu, yule pale amekaa, mpigieni makofi.

Wakapiga makofi. Nilikuwa sijaitazama hata dakika moja ya filamu ile.

Taa zikazimwa. Mama Kahindo wa Himbi akatokea, na viatu virefu na wigi. Nusu saa haikupita, akamwalika mke mwenzake nyumbani, akafungua bia, mgeni akageuka... na kamera ikasogea karibu na ukucha wake. Yule mgeni akafa. Kisha akafa mume. Kisha jirani. Na kila mara waigizaji walimwita kwa jina lile, Mama Kahindo, Mama Kahindo, na ukumbi mzima ukaanza kugeuza vichwa kutazama safu ya kwanza.

Mama alinivuta mkono.

"Masika, ule bibi banamuita na jina yangu ni nani?"

Nilimwambia ni filamu tu, mama. Akasema hapana, ile ya kwanza haikuwa filamu tu, watu walijua ni mimi. Hapo akasimama, akatoka kabla ya mwisho. Watu wakampisha njia, pana kuliko alivyohitaji.

Nilimfuata Kambale nyuma ya ukumbi. Hapo ndipo aliponieleza bila aibu kwamba ile hadithi ya sumu alikuwa nayo tangu zamani, haikuwa na uhusiano wowote na mama, ila hakuna aliyetaka kuitazama. Akabandika jina letu juu yake. Hata picha ya tangazo ilikuwa yangu, ile ya filamu ya kwanza, nikiwa nimevaa kitenge cha mama. Nilitaka kumpiga. Akanikumbatia, akasema baada ya wiki mbili watu watasahau, na kwamba nikifanya kelele nitaharibu kazi ya mume wangu mtarajiwa. Nikakubali kungoja. Wenzangu, nilikubali...

Watu hawakusahau. Wa kwanza kuacha kuja walikuwa akina mama wa soko. Walianza tu kula mahali pengine. Madereva wakawa wanapita wakipungia mkono kwa mbali. Mtoto mmoja mtaani alipougua tumbo, nilisikia kwenye bomba la maji wanawake wakisema, si mtoto wake mwenyewe alisema yale ni maisha ya mama yake? Angedanganya mbele ya padri?

Siku moja akaja Papa Safari, mwalimu, mteja wa tangu siku za maharagi ya kuchemsha. Mama alifurahi sana kumwona, akampakulia sahani ya kujaa. Papa Safari akaitazama sahani muda mrefu.

"Mama, usikasirike," alisema polepole. "Onja mbele, kisha nitakula."

Nilikuwepo. Nilimwona mama akichukua kijiko. Akaonja fufu, akaonja sombe, akaonja maharagi, akanywa na maji ya mteja wake. Kisha akamsogezea sahani na kwenda kusimama nyuma ya kibanda. Nilipomfuata alikuwa anafuta macho kwa kona ya kitenge, na aliponiona akasema ni moshi.

Kuanzia siku ile walibaki wateja wachache, na wote walitaka aonje. Alionja kila sahani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Asubuhi moja hakuwasha moto. Alisema amechoka kuapa kwa kijiko.

Akaanza kuugua. Daktari alisema ni presha ya damu. Alikuwa analala akitazama ukutani, yeye ambaye sijawahi kumwona amelala jua likiwa juu. Siku moja aliniita karibu.

"Ulisema na kinywa yako mbele ya bantu," aliniambia. "Rudi pale pale, ubaambie ile haiko mimi. Sina ingine naomba."

Hakunitukana. Hakumtaja hata Kambale. Ombi moja tu... Je, lilikuwa zito? Ni kutembea kutoka Majengo mpaka parokia, kumwomba padri dakika tano, basi! Lakini nilijua nikisema vile mbele ya watu, Kambale ataniacha. Nikamwambia mama nitakwenda jumapili. Jumapili ikafika, nikasema ijayo. Nikasema hivyo jumapili nne. Kila nilipotoka misani alinitazama mlangoni, nami nilikwenda moja kwa moja kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Na huyo niliyekuwa namlinda? Jirani alinionyesha kwenye simu yake picha za Kambale na Solange, wajomba wale wale wamekaa kwenye viti vizuri kule Himbi, wanazungumza mahari nyingine. Nilimpigia. Alisema nisikasirike, maisha yanaendelea, na akaniuliza kama bado nina kile kitenge cha filamu ya kwanza kwa sababu anakihitaji kwa sehemu ya tatu.

Hapo ndipo nilipokimbilia parokia. Angalieni sababu iliyonipeleka! Si machozi ya mama, ni wivu wangu. Padri alinisikiliza, akasema jumapili nitapewa nafasi baada ya komunyo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Akanishika mkono, akauliza ni siku gani leo. Nikamwambia jumanne. Akafunga macho kama anahesabu.

Alikufa alhamisi.

Nilisema niliyopaswa kusema juu ya jeneza lake, siku ya ijumaa. Nilisema yote. Kwamba ile ni hadithi ya mtu mwingine, kwamba mimi nilidanganya bila kuangalia, kwamba mama yangu hajawahi kumtia mtu kitu katika chakula. Watu walilia. Wanawake walewale wa soko walilia kwa sauti. Lakini chakula cha kilio walikuwa wamekileta kutoka kwao, kimepikwa kwao, katika sufuria zao. Za mama zilikuwa zimefunikwa kando ya ukuta, hakuna aliyezigusa.

Papa Safari alibaki wakati wengine wanaondoka. Alisimama mbele yangu ameshika kofia.

"Mutoto yangu," alisema, "ungelisema ile wakati alikuwa muzima, tungerudia kula kwake."

Hakusema kwa hasira. Alivaa kofia yake akaenda.

Ninyi mnaosoma, nawasihi. Usisimame mbele ya watu kushuhudia kitu ambacho hujakitazama, hata kama anayekuomba ni yule unayempenda. Usimkopeshe mtu jina la mzazi wako abandike atakapo. Na kama umeshakosea, kama kuna mtu nyumbani anakungoja uende ukaseme neno moja la kumtakasa, usingoje jumapili. Acha gazeti hili, nenda sasa.

Ile filamu bado inazunguka. Bado wanaionyesha kwenye vibanda vya video vya Birere, bado iko kwenye simu za watu, na siwezi kuingia katika kila simu. Basi nasema hapa, kwa yeyote atakayeiona. Mwanamke yule wa Himbi simjui. Mama yangu aliitwa Kahindo, alipika chakula Majengo miaka mingi, na wote waliokula kwake walirudi nyumbani wazima.