Mbinja Iliyomsimamisha Punda

Kila siku baada ya shule, mimi na mdogo wangu Muindi tulimpeleka punda kisimani, kilomita nne kutoka kwetu karibu na Mutomo, tukarudi na mitungi minne ya maji. Muindi, mwenye miaka kumi, alivuta kamba mbele. Mimi niliswaga nyuma kwa fimbo huku nikipiga mbinja za nyimbo za kwaya, nikianza na kuacha nilivyopenda. Katika Gredi ya Saba hakuna aliyenishinda kwa mbinja, hata wavulana, na nilijivunia jambo hilo kuliko alama zangu za hisabati.

Baba alimnunua punda huyo kule Mwingi, kwa wafugaji wa mbuzi na ng'ombe. Tulimwita Kiziwi kwa sababu hakusikia la mtu. Mara nyingi alitembea vizuri, kisha akasimama ghafla katikati ya njia na kuinamisha kichwa. Nilimchapa. Alipozidi kusimama nilizidi kumchapa, mgongoni, masikioni, na mwishowe kwenye kidonda alichochubuliwa na mizigo, maana niligundua hapo ndipo palipomuuma zaidi. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Jumatatu moja jua lilikuwa kali na Kiziwi alikuwa amesimama mara nyingi mno. Nilivunja tawi la mgunga lenye miiba, nikampiga kidondani kwa mikono miwili mpaka damu ikarukia sare yangu.

"Wavinya, wacha, utamuua," Muindi alilia. Alikuja nyuma kuninyang'anya lile tawi.

Hapo punda akarusha mateke. Kwato zilimpata Muindi tayani. Alianguka chali, kinywa kimejaa damu, na meno yake mawili yakabaki mchangani. Mwenye bodaboda aliyekuwa akipita alimkimbiza hospitali ya misheni, ambako taya lake lililovunjika lilifungwa kwa waya.

Baba aliponiuliza kilichotokea, nilisema, "Hatukumgusa, Baba. Alipandwa na wazimu tu." Muindi hakuweza kukanusha. Hakuweza hata kufungua kinywa.

Baba yangu, Mzee Nyamai, ni mzee wa kanisa na mtu mpole. Jioni hiyo alimfunga Kiziwi mtini akampiga kwa mpini wa jembe. Mpini ukavunjika, akaleta mwingine. Punda alipiga magoti. Nilisimama mlangoni nikijua kila pigo lilikuwa langu, na bado sikusema neno.

"Shukrani ya punda ni mateke," Baba alisema akihema. "Alhamisi hii punda inaenda kwa watu wa ngozi. Ikachinjwe."

Jirani yetu, Mzee Othman, alikuwa akitoka msikitini. Aliingia uani akamshika Baba mkono. "Ni huyu punda, Nyamai, si hii punda. Ana roho. Nipe siku mbili."

Mzee Othman alikuwa saisi Nairobi kwa miaka kumi na tisa, akitunza na kufundisha farasi. Baba alikubali shingo upande.

Jumanne Mzee Othman alimvisha Kiziwi hatamu, akafunga kamba ndefu na kumzungusha duara. Neno moja, tendo moja. "Twende," aende. "Simama," asimame. Punda alipokosea, mzee hakumpiga, alirudia tu. "Farasi wa gwaride hufundishwa hivi," aliniambia. "Neno halibadiliki, hata mwenyewe akipandwa na hasira."

Jumatano jioni Kiziwi alitii kila neno. Nilifurahi sana, nikaanza kupiga mbinja. Papo hapo punda alisimama akainamisha kichwa. "Twende," Mzee Othman alisema. Hakusogea. Mzee alivuta hatamu, naye Kiziwi akapiga mateke hata mbao mbili za ua zikapasuka karibu na goti la mzee.

"Sijaona jambo kama hili maishani mwangu," Mzee Othman alisema.

"Basi," Baba akasema. "Kesho anaenda."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua ndengu. Alikulia machungani, lakini siku zote mbili hakuna aliyemuuliza kitu. "Nyinyi mnatazama miguu," alisema. "Tazameni masikio. Yamemgeukia Wavinya. Hebu piga tena, mwanangu."

Nilipiga mbinja. Kiziwi alishusha pua mpaka chini, akatafuta kitu mchangani kwa midomo.

"Anatafuta maji," Mama alisema. "Sisi wachungaji, kama hao waliomlea, huwapigia mifugo mbinja wakinywa, ili watulie washibe. Wewe unamwambia asimame anywe, kisha unampiga kwa kutii."

Baba alitikisa kichwa. "Sawa, hiyo ni ya kusimama. Na taya la Muindi? Punda anayevunja mtoto bila kuguswa, mimi simweki hapa."

Nilijua kwamba nikinyamaza, atachinjwa. "Aliguswa, Baba," nilisema. Nikaeleza yote, kidonda, tawi la miiba, na uongo wangu.

Baba aliinua mkono. Nilifumba macho nikingoja kofi, lakini halikuja. Nilipofumbua, alikuwa akitazama malengelenge aliyoachiwa na mpini. "Kumbe nimempiga mnyama kwa kosa lako," alisema, na sauti yake iliniuma kuliko fimbo.

Alhamisi gari la watu wa ngozi lilirudi tupu. Mzee Othman alituita, mimi na Baba. "Kamba yangu humfundisha punda," alisema. "Macho ya Mama Wavinya humfundisha mwenye punda. Lazima viende pamoja. Lakini vyote viwili ni bure kwa mtu mwongo, kwa sababu atamwadhibu mnyama kwa makosa yake mwenyewe."

Baba alinipa kazi ya kuosha kile kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Siku ya kwanza, nilipogusa mgongo tu, Kiziwi aligeuka akaniuma mkono hadi damu ikatoka. Sikuinua fimbo. Mama aliniosha kwa maji yale yale.

"Inauma?" aliuliza.

"Sana, Mama."

"Basi kesho ukimwosha, uende polepole."