Tangazo la Tatu

Filister Akoth ndiye aliyekishika kitambaa kile kwanza. Hilo halina ubishi, na hata leo ukimuuliza atakwambia hivyo. Ilikuwa siku ya soko mjini Homa Bay, duka la Bi Kuruthum limejaa pomoni, na jora lenyewe lilikuwa moja tu, la kijani kilichokolea, lenye nyuzi za dhahabu pembeni. Alipolivuta, likakataa kuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na mwanamume mrefu wa fulana nyeupe na jinzi iliyopauka magotini, mtu ambaye ungemwona tu ukajua hajazoea kugombana sokoni.

"Dada, samahani. Hiki nimekiona tangu mlangoni."

"Kuona si kushika. Mimi nimeshika."

"Basi tugawane."

"Unataka cha nini? Nguo ya mke wako?"

"Sina mke. Nataka nguo yangu mwenyewe. Ndefu, pana, isiyo na mikono."

Filister, fundi cherehani wa miaka kumi, alicheka mpaka akaegemea meza. "Gauni! Mwanaume mzima anataka gauni la kijani!"

"Jamani, msinichanie kitambaa changu," akadakia Bi Kuruthum kutoka nyuma ya meza. "Fili, mpimie Padri huyo umshonee. Kaja parokiani kwenu juzi tu, hata vazi la misa hana."

Kicheko kikamkatika. Mkatoliki tangu kubatizwa, na amemwambia padri mpya kwamba anataka gauni! Alitamani ardhi ipasuke. Padri Javan Owuonda ndiye aliyeangua kicheko kwa niaba yake, kicheko kikubwa, cha moyoni, na Filister akajikuta anacheka tena. Wengine hupendana kwa macho. Hawa, mimi nakwambia, walipendana kwa kucheka.

Kasula ile, vazi la juu la misa, ilikuwa kazi ya siku tatu, lakini ilishonwa kwa wiki mbili. Ikafuata stola, ukanda wa shingoni. Ikafuata alba, kanzu nyeupe ya ndani. Kila wiki Padri aligundua kitu kilichofumuka. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hawa wawili walijua kukibana kifuani. Yao yalikuwa ya simu, kila siku saa saba mchana, fundi amezima cherehani na Padri amefunga ofisi.

"Umekula, Fili?"

"Nimekula ugali wetu, kuon, kwa samaki wa ngege. Na wewe, jaherana, mpenzi wangu?"

"Usiniite hivyo, niko parokiani."

"Basi, Fadha."

"Usiniite hivyo pia," Javan alisema, na halikuwa tena jambo la utani.

Siku moja tu Javan alimshika mkono. Walikuwa gatini, jua kali, maboti yakishusha magunia ya omena, dagaa wa ziwani, na hakuna aliyewatazama. Alimwambia atamwandikia askofu aombe kufunguliwa nadhiri zake, wafunge ndoa kama watu wengine. "Nipe mpaka Pasaka," akasema. Pasaka ikaja ikapita. Nyingine nayo ikaja ikapita. Kila mara kizingiti kilikuwa kile kile, mama yake kule Muhuru Bay, aliyeanika omena juani mpaka mgongo ukapinda ili mwanawe amalize seminari, na siku ya upadrisho akacheza pekupeku mbele ya askofu bila kujali nani anamwona.

"Nikimwambia, nitamuua," Javan alisema.

"Na mimi je?"

"Wewe una nguvu, Fili."

Kweli, mwanamke akiambiwa ana nguvu, ajue anaachiwa mzigo.

Filister alipotimiza miaka thelathini na minne, akatokea Bravin Otuoma. Mwalimu wa sekondari mjini Migori, mpole, shati limenyooshwa hadi kwenye kola, mtu asiye na hila hata kidogo. Alipeleka wazee wake Rangwe kwa mama yake Filister, wakapokelewa vizuri, wakala, wakacheka. Jioni hiyo hiyo Filister akapiga simu.

"Bravin ameleta wazee nyumbani."

Alisikia mlango wa ofisi ukifungwa upande wa pili.

"Javan, umenisikia? Niambie neno moja tu. Sema nisikubali, na sitakubali."

"Ni mtu mzuri?"

"Mimi nimekuuliza kitu kingine."

"Fili, kama ni mtu mzuri, mimi ni nani nikuzuie?"

Filister akakata simu. Asubuhi, kwa hasira tupu, akamkubali Bravin.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo angelifanya Mkatoliki peke yake, tena aliyekata tamaa. Kanisani ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo kabla ya kufungwa, ili anayejua kizuizi chochote ajitokeze. Paroko, mkuu wa parokia, alikuwa mgonjwa, kwa hiyo matangazo yote yalisomwa na Javan. Filister akaenda akaandikisha ndoa yake siku hiyo hiyo, kisha akamwambia rafiki yake Mourine, aliyepanga naye chumba cha kushonea, alichokuwa amekusudia.

"Hataweza kulisoma jina langu. Atakwama. Na akikwama, itabidi aseme kwa nini."

"Na asipokwama?"

"Atakwama."

"Na Bravin wa watu? Yeye amekukosea nini?"

Filister akaingiza uzi kwenye sindano, akakosa tundu, akaingiza tena.

Jumapili ya kwanza Javan alisoma upesi. "Bravin Otuoma wa Migori na Filister Akoth wa parokia hii wanakusudia kufunga ndoa. Anayejua kizuizi chochote amjulishe padri." Sauti haikutikisika. Jumapili ya pili Filister alivaa gauni la buluu lililomkaa vizuri kuliko yote, akaketi benchi la mbele kabisa. Javan alisoma bila kuinua macho. Saa saba Filister akapiga simu. Ililia mpaka ikakatika, wala haikupigwa tena.

Jumapili ya tatu Javan alifika kwenye jina lake akanyamaza. Kanisa zima likainua macho. Mtoto akalia nyuma, akanyamazishwa. Filister alishika benchi kwa mikono miwili. Sasa, akajiambia. Sasa. Padri akawaomba waumini radhi, akamalizia sentensi.

Misa ilipoisha Filister alikwenda moja kwa moja sakristia, chumba cha kuvalia cha padri. Javan alikuwa peke yake, bado na mavazi yake.

"Umesoma," akasema. "Mara tatu umesoma!"

"Ulitaka nifanye nini? Ulikuja mwenyewe ukaandikisha. Nilijua umechagua."

"Nilitaka ushindwe!"

Javan akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Fili. Nilidhani unataka nikuache. Usiku ule uliponipigia niliandika barua kwa askofu. Kesho yake ukaja kuandikisha ndoa, nikaichana."

"Mungu wangu."

"Nisingeweza kukunyang'anya mtu mzuri halafu nikupe nini? Maneno?"

Filister akalia, na Javan naye akalia, kila mmoja upande wake wa meza. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyethubutu kuizunguka meza ile.

"Bado naweza kuandika," Javan akasema. "Leo. Sasa hivi. Aheri, Fili. Nakupenda."

Huku akisema hivyo alikuwa anavua mavazi. Alivua kasula, akailaza. Alitoa stola shingoni, akainama akaubusu msalaba ulioshonwa juu yake kama kila padri anavyofanya, akaikunja taratibu, pembe kwa pembe, jinsi mama anavyokunja nguo za mtoto. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono ilifanya yote hayo bila yeye kujua. Filister aliona. Alitamani asingeona. Alielewa kwamba anapendwa, anapendwa sana, na kwamba mtu huyu akitolewa hapa atakuwa mume mwema aliyekaa dirishani kila Jumapili, akisikiliza kengele.

"Futa tangazo," akasema. "Siwezi kuolewa na Bravin nikiwa hivi."

"Halafu sisi?"

Filister akafuta uso kwa kiganja, akatoka nje.

Nje kina mama wa jumuiya walikuwa wanamngoja. Bibi harusi aliyetangazwa mara tatu haachwi aende hivi hivi. Vigelegele vikapasuka. Mama Pamela, mwenyekiti wao, akamshika mikono yote miwili.

"Nyar Rangwe, binti wa Rangwe! Tupe tarehe, mama, tushone sare!" Kisha akamwona Javan mlangoni mwa sakristia. "Na Fadha wetu ndiye atakayewafungisha. Si ndiyo, Fadha?"

Filister akageuka. Alimwona Javan akivuta pumzi, kifua kikainuka, midomo ikafunguka, na akajua kinachokuja. Neno alilolingoja zaidi ya miaka miwili lilikuwa linakuja hatimaye, mbele ya kina mama wote wale, na safari hii angelisema. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile.

"Hakuna harusi," Filister akamwahi, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mimi nimebadili nia. Nimetoka kumwomba Padri afute tangazo."

Vigelegele vikakatika. Mama Pamela akamwachia mikono.

"Umebadili nia baada ya matangazo matatu? Mtoto wa watu amekufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Kesho naenda Migori nimwombe msamaha mwenyewe."

"Wee! Msichana gani huyu?" mmoja akasema, bila kushusha sauti. "Kiburi tu. Atazeekea kwenye cherehani." Wakaanza kuondoka wawili wawili, wakinong'ona. Javan akapiga hatua moja kumfuata. Filister akamtikisia kichwa, kidogo tu, na Javan akasimama pale pale.

Alijikaza mpaka akavuka lango la kanisa. Barabarani akaketi juu ya jiwe, akalia kwa sauti, gauni lake zuri kwenye vumbi. Watu waliotoka kanisa jirani walidhani amefiwa. Mzee mmoja alivua kofia, akasema pole, mama, pole sana. Wengine wakampa mkono wa pole, mmoja baada ya mwingine, na Filister akaupokea kila mmoja.