Maji Aliyoyamwaga Falonne

Kila asubuhi Falonne alivuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga, akiwa na uji wa mama yake kwenye termosi. Alikuwa na miaka kumi na miwili na shule zilikuwa zimefungwa. Baba alikuwa kazini Banalia, kwa hiyo wa kumuuguza mama yake, Mama Agathe, hospitalini alikuwa yeye.

Mama Agathe alikuwa na saratani ya titi, na sasa maji yalijaa kifuani, kando ya pafu, yakimbana pumzi. Daktari alikuwa amepitisha mrija kati ya mbavu, na maji yakawa yanaingia katika mfuko ulioning'inia kitandani. Kazi ya Falonne ilikuwa moja tu: mfuko ukijaa, amwite muuguzi Gertrude apime na kuandika, ndipo umwagwe.

Alhamisi hiyo akina mama wa kikundi cha sala walikuwa wanakuja. Falonne aliutazama mfuko uliojaa maji mekundu, akaona aibu. Watasema mama ana kifua kikuu, au amerogwa. Akafungua kizibo cha chini, akayamwaga yote chooni bila kumwita mtu. Wageni wakaimba nyimbo tano, wakala ndizi za mgonjwa, wakaenda zao.

Saa tisa Daktari Hubert aliinama kuusoma mfuko.

"Bon, maji imepunguka sana," alisema. "Jana ilikuwa karibu litre moja, leo haifike hata verre moja ya kunywea. Donc tutaweka dawa leo."

"Docteur, hiyo dawa itafanya nini?" Mama Agathe aliuliza.

"Itapita mu huu mrija. Itashikamanisha pafu na ukuta wa kifua, maji ikose nafasi. Lakini kama maji ingali inatoka mingi, dawa haishike. Na iko moja tu, ilitoka Kinshasa."

Falonne akaelewa alichokifanya. Akisema, wodi nzima itajua. Akinyamaza, dawa ya mama itapotea bure. Gertrude alikuwa tayari ameshika kichupa chake, anataka kukifungua.

"Docteur," alisema, "ni mimi nilimwanga maji. Mufuko ilikuwa imejaa. Nilisikia haya juu ya wageni."

Gertrude akasimamisha mkono. Mama Agathe akafumba macho. Falonne akangoja kukemewa.

"Ilijaa mpaka wapi?" daktari aliuliza. Falonne akaonyesha kwa kidole. "Aksanti. Basi tungojee."

Walingoja siku tano, na kila siku Falonne aliogopa kwamba maji hayatapungua kamwe. Hata yakitoka kidogo, alimwita Gertrude. Hatimaye yalipungua kweli, dawa ikawekwa. Mama alipata maumivu na homa siku mbili, na Falonne hakuweza kula. Kisha homa ikashuka, mrija ukatolewa, kifua kikapigwa picha.

"Docteur, mama amepona?" Falonne aliuliza.

Daktari Hubert alichuchumaa mbele yake. "Hapana, mutoto wangu. Kansa ingali iko, tutaendelea kuitunza. Lakini picha inaonyesha maji haijarudi, na mama anapumua muzuri. Ningeweza kukudanganya, ufurahi. Lakini wewe uliniambia kweli wakati ulikuwa unaogopa, na ni ile kweli ilisaidia mama. Mugonjwa hawezi kutunzwa na uongo, hata ya mutu mwenye kumupenda."

Falonne alilia kidogo. Kisha akajifuta machozi, akaenda kumsaidia mama yake kuvaa viatu.