Mlango wa Nyuma wa Ghorofa ya Nne

Lifti ilijaa hadi watu wakawa wanapumuliana shingoni. Kila mwenye shughuli katika jengo lile alitaka kupanda kwa mkupuo mmoja, naye, mwanamke wa blauzi ya rangi ya maziwa na sketi nyeusi iliyonyooshwa vizuri, alijipenyeza kwa kuwa hakutaka kuchelewa siku yake ya kwanza kazini. Juu kidogo ya ghorofa ya pili lifti ikatikisika, ikaguna, ikasimama. Taa ikazimika.

Tangu utotoni hakuweza kustahimili mahali palipofungwa. Jasho jembamba likamtoka, akaanza kuukwaruza mlango kwa kucha.

"Dada," ilisema sauti ya kiume gizani, karibu kabisa na sikio lake. "Uache huo mlango, haujakukosea. Ongea na mimi."

"Siwezi kupumua."

"Mbona umenijibu? Asiyepumua hajibu. Haya, niambie, leo umekunywa chai na nini?"

Alicheka bila kutaka, kicheko kilichochanganyika na kilio. Wakaendelea hivyo, yeye akitetemeka, mwanamume akimtania, mpaka taa ikarudi, lifti ikaanza kupanda tena, na akamwona: mrefu, shati la samawati lililokunjwa mikono, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Mimi hukata vitambaa pale kwenye kiwanda cha nguo, ghorofa ya nne. Wananiita Mkasi," alisema. "Leo tunaletewa meneja mpya, na nasikia ana roho ngumu. Niombee, dada yangu."

Mlango ulipofunguka ghorofa ya nne, tajiri mwenye kiwanda alikuwa amesimama pale, mkono mbele. "Karibu, meneja!"

Mkasi alibaki mdomo wazi.

Haukupita muda mrefu wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Bosi, umeshakula?"

"Usiniite bosi, tumeshatoka kazini."

"Basi nikuiteje?"

"Utajua mwenyewe."

"Mpenzi wangu usiyecheka."

Kwenye simu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kazini hakucheka kamwe, na wala hakumtazama Mkasi mara mbili. Tajiri alikuwa amemwonya mapema: "Hawa ukiwachekea, watakupanda kichwani. Wakuogope kwanza." Ukweli ni kwamba yeye aliwaogopa zaidi. Wengi wa wale wanawake wa vyerehani wangeweza kumzaa, na kazi waliijua ndani nje. Ili hofu isimtoke usoni, aliukaza uso. Alifoka kwa ajili ya uzi uliokatika. Alimnyima ruhusa mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa, kisha akajifungia chooni na kulia. Wakambandika jina la Barafu. Alipopita kati ya mashine mazungumzo yalikatika ghafla, naye akaudhani ukimya ule ni heshima.

Kiwanda kilikuwa na mlango wa nyuma, wa kutokea kwenye ngazi za nje za dharura. Tajiri aliutia kufuli ili nguo zisitoroshwe, na ufunguo akamkabidhi meneja. Asubuhi moja, wote wakiwa wamekusanyika kupangiwa kazi, Mama Sindano, mshonaji mkongwe kuliko wote, alisimama.

"Meneja, tunaomba ule mlango ufunguliwe. Hapa kuna pasi za moto, na vitambaa vimepangwa mpaka darini. Likitokea la kutokea, tutapita wapi?"

"Mama anasema kweli," Mkasi akadakia. "Hata sisi wanaume tunaogopa."

Nyuma ya kioo cha ofisi, tajiri alikuwa akichungulia. Meneja akamwona. "Wewe unayeogopa," alimwambia Mkasi mbele za watu, "njia ya kwenda kwenu unaijua."

Jioni ile simu iliita mara moja tu, akaipokea.

"Wewe," alisema Mkasi taratibu, na upole ule ulimtisha kuliko kama angefoka. "Wewe uliyekuwa unakwaruza mlango wa lifti."

"Nielewe. Nikiufungua, tajiri atanifukuza. Na wakijua mimi na wewe ni wapenzi, watasema unanitawala."

"Kwa hiyo unanionea haya."

"Sijasema hivyo!"

"Umenifukuza kama mbwa. Lala salama, meneja."

Neno lile la mwisho lilimchoma. Tangu hapo hawakupigiana tena. Mara nyingi aliishika simu, jina la Mkasi likiwa mbele ya macho yake, kidole kikakataa.

Siku ya moto, meneja alikuwa chini uani akipokea vitambaa vilivyoletwa na lori. Alisikia mayowe kwanza. Alipoinua macho, moshi mweusi ulikuwa unafuka kwenye madirisha ya ghorofa ya nne, upande wa chumba cha pasi, ambao ndio upande wa mlango wa mbele. Akajipapasa mfuko wa koti. Ufunguo ulikuwamo.

Mwili mzima ulimwambia akimbilie barabarani. Akavua viatu, akazivamia ngazi za nje. Chuma kilimkata nyayo, hakukisikia. Katikati ya ngazi simu ikalia mkononi.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mkasi, imekauka.

"Kwenye ngazi za nyuma. Nakuja!"

"Mbele hakupitiki. Tuko wote huku mlangoni. Usikate simu, mpenzi. Usikate."

Nyuma ya sauti ile alisikia watu wakikohoa, na mtu akiita jina la mwanawe. Alipofika, mlango ulikuwa unatetemeka kwa ngumi. Ufunguo ukamponyoka, ukateleza hadi ukingoni mwa ngazi. Akapiga ukelele.

"Nini?"

"Ufunguo umeanguka!"

"Uokote. Polepole. Sisi tupo, hatuendi popote." Alijaribu kumtania, akashindwa kumalizia kwa kikohozi.

Aliuokota. Kufuli lenye kutu likagoma, akalipinda kwa mikono miwili huku akilia, likaachia. Watu wakamwagika nje, macho mekundu, vitambaa puani. Mama Sindano alitoka akiwa ameshikiliwa kwapani. Meneja alikodolea macho kila uso uliopita, akitafuta mmoja. Mlango ukabaki mtupu, moshi peke yake ukitoka.

"Mkasi!"

Simu ilikuwa bado hewani, lakini haikusema kitu. Akajifunika mdomo kwa mkono wa koti, akaingia. Giza lilimkaba. Kila alichowahi kukiogopa kilikuwa mle ndani. Alitambaa, akipapasa sakafu, mpaka akagusa bega lililoegemea ukuta. Akalishika shati, akavuta. Hakuwa na nguvu za kutosha, akavuta tu, mpaka mikono ya washonaji wawili waliorudi ikamsaidia.

Hakufa mtu. Mkasi alipokuwa akipandishwa kwenye gari la wagonjwa, tajiri alipiga simu. "Waambie wakaguzi wa moto mlango ulikuwa wazi, wafanyakazi ndio walioziba njia kwa marobota. Ukisema vingine, kazi huna."

Meneja aliitia simu mfukoni, akawaendea wafanyakazi walioketi uani, yeye mwenyewe miguu peku, blauzi imekuwa nyeusi.

"Mlango ule mimi ndiye niliyeuacha umefungwa," alisema. "Mliniomba, nikawatukana. Nilimwogopa tajiri, nikawaogopa na ninyi, nikajificha kwenye ukali. Wakaguzi nitawaambia hivi hivi. Sina haki ya kuwaomba lolote, ila naomba radhi."

Mama Sindano alikohoa, akajifuta mdomo.

"Tungekufa, mwanangu."

"Najua, mama."

"Leo siwezi kukusamehe. Kifua kinaniuma." Akajiinua kwa shida. "Lakini kwa wakaguzi hutakwenda peke yako. Na hayo uliyoyasema, yaseme na kule."

Alikwenda nao, akayasema. Tajiri alifikishwa mbele ya sheria, na kiwanda kikapata mwenye kukiendesha mwingine. Alipouliza nani awe meneja, washonaji walimtaja yule yule aliyesema kweli, na Mama Sindano akaongeza kwamba kwanza ajifunze kuuliza hali za watu. Akajifunza. Alizunguka mashine hadi mashine, akimuuliza kila mmoja kazi inamtisha wapi, na yule mama wa mtoto mgonjwa alikuwa wa kwanza kuulizwa.

Ila wodini hakuwa amethubutu kukanyaga. Siku Mkasi alipompigia simu kumwita, alivaa gauni la kijani, akasimama mguuni pa kitanda kama mshtakiwa. Mkono wa Mkasi ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwikoni.

"Umekonda, bosi."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipokuwa unanivuta kama gunia." Uso ukawa mzito. "Lakini pale kiwandani sirudi. Nimepata kazi kwa fundi mwingine, upande wa pili wa mji."

Baridi ikampanda mgongoni. "Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako. Ukinisifu, watasema mapenzi. Ukinikaripia, nitasema chuki. Utashindwa kuwatendea haki wenzangu."

"Basi," alisema, sauti ikimkatika, "umeniita uniage."

"Nikuage?" Mkasi alijiinua kwenye mto. "Mwanamke, nataka kukuoa! Hivi umeelewa nini?"

Alikaa kitandani bila kukaribishwa, akafunika uso kwa viganja. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna, akasikiliza.

"Jibu basi. Moyo unanienda mbio, na daktari amenikataza."

"Ndiyo," alisema kutoka nyuma ya viganja. "Ndiyo. Lakini mama yako anajua kama nilikufukuza mbele za watu?"

"Hajui, wala hana haja ya kujua."

"Nitamwambia mwenyewe."

Mkasi alimtazama, akameza mate. "Hapo sasa," alisema, "naanza kuogopa mimi."