Maziwa ya Jioni

Katika nyumba ya Mzee Gathogo, mtaa wa Munyaka mjini Eldoret, maziwa ya ng'ombe wao ya asubuhi yalikuwa ya kila mtu, na maziwa ya jioni yalikuwa ya Irungu. Mgeni aliyefika jua likizama alipewa chai ya rangi, hata angekuwa pasta. Wengine waliuona huo kuwa uchoyo. Mama Irungu hakujali. Alimwongezea mgeni sukari na mazungumzo yakaendelea.

Irungu alikuwa kifungua mimba, kijana wa miaka kumi na saba. Miguu yake haikuwahi kumbeba na maneno yalimtoka kwa taabu, lakini akili yake ilikuwa kali. Kila jioni alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akaubana mtungi kati ya magoti huku dada yake Ciru, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, akichuja maziwa. Kisha Ciru aliyapeleka kwa Mzee Wanyonyi, mwenye duka la maziwa kando ya barabara. Mzee huyo alituma malipo moja kwa moja kwenye akaunti ya Irungu katika Sacco. Akiba hiyo haikuguswa, hata mwaka ule mahindi yao yaliponyauka shambani kwao huko Soy. Ilikuwa ikingoja siku ambayo wazazi hawatakuwapo.

Ciru aliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe mpaka shangazi Wangeci alipokuja kuwatembelea kutoka Burnt Forest. Shangazi alionja chai ya rangi, akaguna, akamtazama Irungu, kisha akamgeukia mama yao.

"Mnajisumbua bure na hiyo Sacco," alisema. "Akiba ya huyu si ni huyu msichana? Yeye ndiye atamlea mkishaenda."

Ciru alimngoja mama yake ajibu. Mama alikusanya vikombe, akaingia jikoni kimya. Kimya hicho kilimchoma Ciru kuliko maneno ya shangazi. Alikuwa na ndoto ya kuwa daktari wa mifugo. Sasa alijiona mzee mwenye mvi, bado anasukuma kiti kilekile. Alimpenda kaka yake sana, ndiyo maana hata kukasirika alikuonea haya.

Kesho yake jioni, mama akiwa bado zizini, Ciru alichota kikombe kikubwa cha maziwa kutoka mtungini, akajipikia chai nzito. Kama mimi ndiye akiba, aliwaza, basi maziwa ni yangu. Pengo akalijaza kwa maji. Siku iliyofuata akarudia, na nyingine tena. Irungu aliyaona yote akiwa mlangoni.

Za mwizi ni arubaini, lakini za Ciru hazikumaliza hata wiki. Mzee Wanyonyi alikuwa na kipimo alichokitumia mara mojamoja, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuzama zaidi yakitiwa maji. Jioni moja, Ciru akiwa ameshaondoka dukani, kijiti kilizama kuliko kawaida. Mzee alifunga duka, akaubeba mtungi na kuja nao nyumbani. Hakupandisha sauti. Alisema kuwa maziwa hayo hulisha watoto wadogo wa mtaa, na kama ndiyo yameanza kuchanganywa na maji, basi asingenunua tena kwao.

Bila duka hilo, akiba ya Irungu ingekatika. Baba alimgeukia Irungu, akamuuliza kwa upole kama mikono yake ilitetemeka na maji yakaingia mtungini kwa bahati mbaya.

Irungu alimtazama dada yake. "Ni... mimi," alisema. "Mkono... uliteleza."

Ciru alitamani ardhi ipasuke. Mtu aliyemwibia ndiye aliyekuwa akimfichia aibu.

"Si yeye, Baba," alisema. "Ni mimi. Nimekuwa nikinywa maziwa na kuongeza maji."

Baba alimuuliza sababu. Ciru alijaribu kueleza, machozi yakamtangulia. "Shangazi alisema mimi ndiye akiba ya Irungu. Na wewe, Mama, ukanyamaza."

Mama aliketi kwenye kigoda. Aliyejibu ni Irungu.

"Mimi sitaki... kulelewa na Ciru. Nataka dada. Aje... anisalimie, anipigie kelele, kisha... aende kwake."

Polepole, kijana huyo aliwaeleza alivyotaka akiba yake itumike. Alitaka chumba chenye mlango mpana wa kupitisha kiti, na msaidizi ambaye angemchagua na kumlipa yeye mwenyewe. Alikuwa ameyawaza hayo kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Baba aliinamisha kichwa.

Mama alimvuta Ciru karibu. "Nilinyamaza kwa kuogopa kugombana na wifi yangu. Hapo nilikosa," alisema. "Lakini na wewe umekosa. Ulikuwa na swali, ukalijibu kwa kuiba. Ungeniuliza."

Ciru aliwaomba wote msamaha, kaka yake kwanza. Mzee Wanyonyi alikubali kuendelea kununua, kwa sharti kwamba Ciru angesimama pale dukani kila jioni maziwa yakipimwa mbele ya wateja. Ilikuwa aibu kubwa, lakini alisimama. Kijiti kilielea panapotakiwa, siku baada ya siku, mpaka mzee akamwambia hana haja ya kungoja tena.

Disemba shangazi Wangeci alirudi, akafika jioni kama kawaida yake, akapewa chai ya rangi. Aliguna, akamtazama Ciru, akasema kwamba akiba ya Irungu imerefuka.

Safari hii mama aliiweka chupa ya chai mezani. "Wangeci, akiba ya Irungu ni maziwa ya jioni," alisema. "Ciru si akiba ya mtu. Ukimfanya mtoto mmoja kuwa akiba ya mwenzake, umewaibia wote wawili."

Shangazi alikunywa chai yake. Ciru aliinua mtungi aondoke, lakini Irungu akamshika mkono.

"Usiya... nywe njiani," alimwambia.

Ciru alicheka mpaka shangazi akauliza kuna nini.